Sura ya Sita: Mkono Unaomchora Shujaa

Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni mji wa njia panda. Upande wa magharibi, safari fupi ya bodaboda inakufikisha mpaka wa Kongo. Kaskazini kuna Oraba, lango la kuingia Sudan Kusini. Kusini ni barabara ya Arua. Kijiwe kimoja cha vijana kinaweza kubeba Kikakwa, Kilugbara, Kilingala, Kinubi na Kiswahili kabla chai haijapoa. Wilayani humo, mwaka 2013, yalifunguliwa makazi ya wakimbizi ya Lobule ili kuwapokea Wakongomani waliovuka mpaka. Lugha ni nyingi, lakini kuna jina ambalo vijana wa pande zote tatu hawahitaji mkalimani kulielewa: CJ.

CJ, kwa jina kamili Carl Johnson, ndiye mhusika mkuu wa gemu ya Grand Theft Auto: San Andreas iliyotoka Oktoba 2004. Vijana wengi wanaoicheza leo Afrika Mashariki walizaliwa baada ya hapo. Wameipata kwa kurushiana, kutoka simu hadi simu, kutoka memori kadi hadi memori kadi. Na kwa kuwa simu hazilingani, CJ naye halingani. Kwenye simu yenye nguvu uso wake ni laini na kivuli chake kinaifuata miguu. Kwenye simu dhaifu, mchezaji akishusha ubora wa picha ili mchezo usikwame, kivuli kinapotea na majengo ya mbali yanageuka masanduku. Mtu ni yuleyule, mwonekano ni mwingine.

Sura hii inahusu mwonekano huo: kwa nini wahusika wa gemu hubadilika kadiri miaka inavyokwenda, na ni nani hasa anayewabadilisha. Mabadiliko yao yana mabwana watatu. Wa kwanza ni mashine, wa pili ni soko, wa tatu ni mkono unaochora. Kwa muda mrefu tuliambiwa habari za wawili wa kwanza tu. Huyu wa tatu ndiye anayetuhusu zaidi.

Mashine ilipokuwa bwana

Mwaka 1981 Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo, Japani, alihitaji kijana wa kuruka mapipa katika gemu ya Donkey Kong. Kijana huyo bado hakuitwa Mario. Alijulikana kama Jumpman. Nafasi ya kumchora ilikuwa kimraba cha nukta 16 kwa 16, na rangi zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Ndani ya kimraba hicho mtu alipaswa kutambulika kuwa ni mtu.

Tazama jinsi Miyamoto alivyotatua matatizo yake moja baada ya jingine. Nywele zilikuwa ngumu kuchora, hasa pale mhusika anaporuka na nywele zikatakiwa kutikisika; akamvika kofia. Mdomo haukuwa na nafasi ya kutosha, na pua ilikuwa ikimezwa na shavu, akamwekea masharubu. Mikono isingeonekana ikicheza mbele ya kiwiliwili. Akamvalisha ovaroli yenye rangi tofauti na shati. Vitu vyote tunavyovihesabu leo kuwa utambulisho wa Mario vilikuwa njia za kukwepa umaskini wa mashine.

Mashine zilipopata nguvu, sababu hizo zilikufa zote. Mwaka 1996, Super Mario 64 ilipomtoa Mario kwenye ubapa na kumpa mwili wa pande tatu, kompyuta ingeweza kumchorea nywele na mdomo bila taabu. Lakini kofia ilibaki, masharubu yakabaki, ovaroli ikabaki. Rangi tu ndizo zilizobadilishana: katika Donkey Kong ovaroli ilikuwa nyekundu na shati la buluu, siku hizi shati ndilo jekundu na ovaroli ndiyo ya buluu. Kilichoanza kama shida kilikuwa kimekwisha kuwa mali, na hakuna mfanyabiashara anayetupa mali.

Mwaka huohuo wa 1996 kampuni ya Core Design ya mjini Derby, Uingereza, ilimleta Lara Croft wa Tomb Raider, aliyebuniwa na Toby Gard. Wachoraji walitaka awe na mkia mrefu wa nywele zilizosukwa. Ulionekana kwenye filamu fupi zilizotengenezwa kando, lakini ndani ya mchezo wenyewe mkia haukuwepo, kwa sababu kuusogeza kila Lara anapogeuka kulikuwa mzigo. Mwaka 1997, katika Tomb Raider II, mkia ukapatikana na ukawa unapepea nyuma yake.

Hapo soko likaingia. Kwa miaka mingi Lara aliuzwa kwa umbo lake: kaptura fupi, kiuno chembamba, kifua kilichokuzwa. Mashine haikulazimisha hayo. Waliolazimisha ni watangazaji waliodhani mnunuzi wao ni mvulana wa miaka kumi na mitano. Studio ya Crystal Dynamics ilipomwanzisha upya mwaka 2013, Lara alitokea akiwa na suruali, matope usoni, na majeraha yaliyokuwa yakiongezeka kadiri safari ilivyomchapa. Wanunuzi walikuwa wamekua, wanawake wakiwa wengi miongoni mwao, na Lara akakua nao.

Mwili wa CJ

Turudi kwa mtu wetu. Ili kuelewa alichofanyiwa CJ, ni lazima kujua mhusika wa pande tatu anavyotengenezwa. Umbo lake ni wavu wa pembetatu. Kila pembetatu ina gharama, kwa kuwa mashine huikokotoa upya mara nyingi kwa sekunde. Juu ya wavu huo huvikwa picha bapa, kama fundi cherehani anavyovalisha kitambaa kwenye sanamu ya dukani. Pembetatu zikiwa chache, mchoraji hodari huhamishia kazi kwenye kitambaa: kivuli cha chini ya pua kinapakwa rangi, mikunjo ya fulana inapakwa rangi, hata misuli inapakwa rangi. Jicho la mchezaji linadanganyika kwa hiari.

PlayStation 2, mashine ambayo San Andreas ilitengenezewa, ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32. Picha chache za simu ya leo zinaweza kuimaliza nafasi hiyo. Ndani ya ufinyu huo Rockstar, kampuni ya gemu hiyo, walifanya jambo ambalo wahusika wakuu wengi wa wakati ule hawakuwa nalo: waliufanya mwili wa CJ uishi. Akila baga na kuku kupita kiasi, tumbo linatoka na mbio zinapungua. Akienda gym, mabega yanatanuka. Akikaa bila kula, misuli inakwisha. Kinyozi ana mitindo yake ya nywele, mchora chale ana bei zake, na mavazi yanabadili jinsi watu wa mtaani wanavyomsemesha. Mhusika alikuwa kumbukumbu ya maisha ambayo mchezaji mwenyewe alimpa.

Nadhani hii ni sababu mojawapo ya CJ kudumu huku kwetu. Tumezoea mtu asomwe mwilini: aliyenenepa baada ya kupata kazi, aliyekonda baada ya msiba, aliyebadili viatu baada ya kwenda Juba kutafuta. Mario hana msimu wa njaa. CJ anao.

Halafu likaja jaribio la kumpa uso mpya. Tarehe 11 Novemba 2021 Rockstar walitoa upya gemu zao tatu za zamani, San Andreas ikiwamo, kwa ajili ya mashine za kisasa. Kazi ilifanywa na studio ya Kimarekani iliyokuwa imechukua jina la mtaa wa CJ mwenyewe, Grove Street Games. Hao ndio waliokuwa wameitengeneza San Andreas ya simu mwaka 2013, walipokuwa wakijiita War Drum Studios. Nafasi ya kumbukumbu sasa ilikuwa tele, na hapakuwa na haja ya kubania pembetatu.

Matokeo yalichekwa dunia nzima. Nyuso zililainishwa zikawa kama plastiki iliyopashwa moto. Baadhi ya wahusika walionekana wamevimba, wengine macho yamewatoka. Mabango ya mitaani, yaliyokuzwa kwa msaada wa programu za akili mnemba, yalikuja na maneno yenye tahajia mbovu, kwa kuwa programu ilikisia herufi ambazo haikuweza kuzisoma.

Kosa moja dogo linaeleza yote. Katika gemu ya zamani palikuwa na duka la donati lenye sanamu kubwa juu ya paa, na sanamu hiyo ilikuwa nati, ile nati ya chuma yenye pembe sita ambayo kila fundi baiskeli anaijua. Utani ulikuwa hapo: donati ngumu kama nati. Kwenye toleo jipya pembe sita zilionekana kuwa ulemavu wa picha ya zamani. Zikalainishwa. Nati ikawa pete ya mviringo, na utani ukafa. Kazi ya kulainisha ilikamilika kiufundi, ila hapakuwa na mtu wa kusema, "Ndugu yangu, hiyo ni nati, iache."

Siku nane baada ya gemu hizo kutoka, Rockstar waliomba radhi hadharani na kuahidi kuyarudisha matoleo ya zamani kwa wanunuzi wa kompyuta. Marekebisho makubwa ya mwanga na rangi yalifika Novemba 2024, miaka mitatu kamili baada ya aibu. Mashine ya mwaka 2021 ilikuwa na nguvu mara nyingi kuliko ile ya 2004, na bado ilitoa uso mbaya zaidi. Kwa hiyo mashine si jibu la kila kitu.

Mkenya aliyechorwa Osaka

Sasa tusogee karibu na nyumbani, au angalau mahali panapodaiwa kuwa nyumbani. Mwaka 1997 kampuni ya Capcom, yenye makao yake Osaka, ilitoa Street Fighter III. Miongoni mwa wapiganaji wapya alikuwamo msichana aitwaye Elena, na kwenye kadi yake ya utambulisho nchi ilikuwa Kenya.

Kwa ufundi wa mkono, Elena ni kazi ya kuheshimika. Gemu ile ilichorwa fremu baada ya fremu kwa mkono wakati wengine wengi walikuwa wakikimbilia pande tatu. Hata akisimama tu, mwili wake mrefu unayumba kama anasikia ngoma ambayo mchezaji haisikii. Hupigana kwa miguu, na kila teke linatiririka kuingia lingine.

Lakini mtazame kwa macho ya mtu wa hapa. Nywele ni nyeupe. Vazi ni vipande viwili vyeupe vya kuogelea. Shingoni, mikononi na miguuni kuna pete za rangi. Miguu iko peku. Mapigano yake ni kapoera, sanaa iliyokuzwa Brazili na Waafrika waliopelekwa utumwani, wengi wao wakitoka pande za Angola. Jina halina shida, maana Kenya imejaa akina Elena. Shida ni kwamba hakuna Mkenya anayeweza kunyoosha kidole na kusema anatoka wapi. Si Mturkana, si Mgiriama, si Mluo, wala si binti wa Eastlands ya Nairobi. Ni wa nyika tu, nyika isiyo na wilaya.

Safari yake iliyofuata ilipangwa na mahesabu. Mwaka 2012 alitengenezewa mwili wa pande tatu kwa ajili ya Street Fighter X Tekken. Mwaka 2014, Capcom walipotaka wapiganaji wa kuongeza katika Ultra Street Fighter IV, walimchukua Elena pamoja na wenzake watatu waliokwisha kuwa na miili tayari kutoka gemu ile ya 2012. Ni rahisi kumhamisha aliyekwisha kuumbwa kuliko kuumba upya. Juni 2025 alirudi tena katika Street Fighter 6, na safari hii alichorwa upya kwa mtambo wa kisasa wa kampuni hiyo. Miaka 28 ya maisha, mashine tofauti kabisa, na nchi kwenye kadi haijabadilika. Katika safari yote hiyo kalamu haikutoka mikononi mwa kampuni ya Osaka.

Siandiki haya kumlaumu Mjapani kwa kuota Afrika. Kila msanii huota nchi za mbali. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini, na mchoraji asiyekujua naye atakuchora kwa alichosikia. Dawa yake ni kuwe na wachoraji wanaotujua.

Hesabu za ngozi na nywele

Kuna jambo moja ambalo mchezaji wa kawaida haambiwi. Hata mashine, bwana yule wa kwanza, ina mkono ndani yake. Kompyuta huchora ngozi na nywele kwa kanuni za hesabu, na kanuni hizo ziliandikwa na watu waliokuwa na ngozi fulani na nywele fulani mbele yao.

Theodore Kim, profesa wa michoro ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Yale, alilieleza hili mwaka 2020 katika jarida la Scientific American. Kwa miongo kadhaa utafiti wa kuchora ngozi ulishughulika na jinsi mwanga unavyopenya juu ya ngozi na kutawanyika ndani yake, ule mng'ao wa wekundu unaoonekana kwenye sikio la mzungu likipigwa na jua. Hilo likaitwa ngozi ya binadamu, bila nyongeza. Kwenye ngozi nyeusi kinachotawala ni namna mwanga unavyong'aa juu yake: kwenye paji la uso, kwenye mfupa wa shavu, kwenye bega lililopakwa mafuta. Utafiti wa upande huo ulikuwa haba. Nywele nazo ni vivyo hivyo. Kanuni nyingi zilianza na nywele zilizonyooka au za mawimbi, na nywele za kipilipili zikaachwa kuwa kazi ya baadaye.

Ndiyo maana kwa miaka mingi mhusika mweusi kwenye gemu alikuwa na kipara, afro ya mviringo, au rasta ngumu kama kamba za katani. Wachoraji walikuwa wakitumia kilichopo kwenye sanduku. Hali inaanza kubadilika. Msanii na mwalimu A.M. Darke wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, ameanzisha maktaba huru ya nywele za Kiafrika za pande tatu, na mwaka 2023 ulitolewa bure mwongozo uitwao Code My Crown unaofundisha kutengeneza mitindo ya nywele hizo kwa ajili ya gemu. Msusi yeyote wa soko la Koboko angeweza kuwa mshauri wa kazi hiyo: anajua mstari unaanzia wapi, unakunjwa wapi, na nywele zinasimamaje siku ya kwanza na zinalalaje wiki ya tatu.

Kalamu ikishikwa na wa hapa

Wapo walioishika mapema. Wesley Kirinya wa Nairobi alimaliza mwaka 2007 gemu ya pande tatu iitwayo The Adventures of Nyangi, ambayo shujaa wake ni msichana wa Kiafrika anayetafuta vitu vya kale vya bara lake. Ukimtazama Nyangi utamwona Lara Croft nyuma yake, na Kirinya hakuwa na la kuonea haya: kila fundi huanza kwa kuiga kazi ya aliyemtangulia. Miaka miwili baadaye yeye na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha Leti Arts, wakahamia kwenye mashujaa wa hadithi na historia za Afrika.

Aliye jirani zaidi na Lobule ni Lual Mayen. Alizaliwa wakati wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipoona kompyuta kwenye kituo cha kuandikisha wakimbizi, alimwambia mama yake kwamba anaitaka. Mama alidunduliza kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kuinunua. Umeme haukuwepo, hivyo Mayen alitembea saa tatu kufika mahali pa kuichajia. Gemu iliyomwamsha ilikuwa Grand Theft Auto: Vice City, kaka mkubwa wa San Andreas.

Alichotengeneza kinaitwa Salaam. Mhusika wake ni mkimbizi anayekimbia vita. Hana bunduki. Akiishiwa nguvu anahitaji chakula, maji au dawa, na mpango wa Mayen ulikuwa kwamba fedha ambayo mchezaji anatoa kumnunulia mhusika iwafikie wakimbizi halisi. Desemba 2018, kwenye tuzo za The Game Awards huko Marekani, Mayen alitambuliwa kwa mchango wake kwa jamii kupitia gemu.

Linganisha CJ na mkimbizi wa Mayen. Wote wawili miili yao inapungua wasipokula. Kwa CJ, njaa ilikuwa ufundi wa kuongeza utamu wa mchezo. Kwa Mayen, njaa ilikuwa kitu alichokiona kikipita mlangoni.

Shujaa wa Lobule angeonekanaje

Wachoraji wa gemu wana kipimo kimoja cha kwanza: mjaze mhusika rangi nyeusi tupu, abaki kivuli, kisha uone kama bado anatambulika. Mario anapita. Lara anapita. Je, nani wa Lobule angepita? Mwanamke mwenye jerikeni la lita 20 kichwani na mtoto aliyefungwa mgongoni kwa kitenge anapita bila swali. Hakuna kivuli kingine duniani kama hicho. Mzee wa Kinubi mwenye mistari mitatu ya wima shavuni ana uso ambao hata nukta 16 zingeweza kuubeba.

Kipimo cha pili ni mabadiliko. Vumbi jekundu la kiangazi lipande hadi magotini, na masika ligeuke tope. Kitenge kipauke. Ndala za tairi ziishe kisigino upande mmoja kwa sababu ya mzigo. Nywele zisukwe upya siku ya sherehe. Hayo ndiyo maisha kuandikwa mwilini, na hayahitaji kompyuta ya Osaka.

Kipimo cha tatu ni heshima. Mkimbizi asichorwe akilia kila fremu. Wakongomani wa Lobule wanalima, wanauza, wanavaa vizuri Jumapili, na wanataniana. Mhusika asiye na utani ni bango la msaada, na mabango hayo tunayo ya kutosha.

Visingizio vimepungua. Blender, programu ya kuchora maumbo ya pande tatu, ni huru kwa kila mtu tangu mwaka 2002. Godot, programu ya kutengenezea gemu, nayo ni ya bure na ina toleo linalofanya kazi ndani ya simu ya Android. Kilichobaki kuwa ghali ni bando, umeme, na muda wa kijana kuachwa ajaribu.

Kwa hiyo mzazi au mwalimu wa Koboko, Arua au kwingineko, ukimkuta mtoto anajaza kurasa za nyuma za daftari kwa vichwa, viatu na misuko, usimchape kwa kupoteza karatasi. Mpe daftari la pili, na umwambie aanze na watu wanaompita njiani kila asubuhi. Tusipowachora sisi, watachorwa na wasiowajua.